Tundu Dogo Kwenye Miwani ya Jua



Mkulima wa Ufipa akinunua mfuko wa kuhifadhia mahindi, ile mifuko yenye plastiki mbili ndani isiyopitisha hewa, hajazi mahindi hapo hapo. Kwanza anatoa plastiki. Anaijaza upepo. Anausokota mdomo wake. Kisha anaikandamiza na kuisogeza sikioni. Upepo ukitoka, anajua kuna tundu. Mfuko wenye tundu utaingiza hewa, na penye hewa dumuzi hafi. Mahindi ya msimu mzima yatageuka vumbi ndani ya mfuko uliofungwa vizuri.

Mimi ni bwana shamba. Kukagua mifuko hiyo ni kazi niliyoifundisha kwa miaka mingi, kuanzia Laela mpaka vijiji vilivyo chini ya milima ya Mbizi. Lakini tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa na kitu kingine mkononi, nacho pia huharibiwa na tundu. Sikukikagua. Aliyeumia si mimi. Aliumia shangazi yangu.

SIKU JUA LILIPOMEGWA

Siku hiyo mwezi ulipita katikati ya dunia na jua. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, kwa hiyo ulionekana mdogo kuliko jua. Haukuweza kulifunika jua lote. Mahali ulipopita katikati kabisa, ukingo wa jua ulibaki unawaka pande zote kama pete ya moto. Njia ya pete hiyo ilikuwa na upana wa kilomita 100 hivi. Ilitoka Gabon, ikapita Kongo, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaingia kwetu Tanzania, kisha ikaenda Msumbiji na Madagaska. Watu wengi, pamoja na wageni kutoka nje, walikusanyika Rujewa, Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Huko waliiona pete kwa dakika tatu hivi.

Hapa Ufipa nako jua lilimegwa sehemu kubwa sana. Mwezi wa Septemba kwetu ni kiangazi. Mawingu ni machache, mashamba yamevunwa, na upepo unapeperusha vumbi. Ilikuwa siku nzuri ya kutazama.

Siku chache kabla ya hapo, mtumishi mwenzangu aliyekuwa safarini Mbeya aliniletea miwani minne ya karatasi. Ni miwani yenye fremu ya karatasi ngumu na vioo vya plastiki nyeusi. Alinipa ikiwa mipya kabisa. Nilifurahi. Nikaitia katika mfuko wangu wa kazi, nikaufunga nyuma ya pikipiki, nikaenda vijijini kama kawaida.

Sasa nikuambie kulikuwa na nini ndani ya mfuko huo. Kulikuwa na kisu cha kupogolea, chaja ya simu, na mikebe ya sampuli za udongo. Mkebe mmoja ulikuwa umefunguka. Kwa siku tatu miwani ile ilisuguana na mchanga kwenye barabara ya mashimo. Mkulima angekuja kwangu na mbegu alizozibeba hivyo, ningemgombeza.

Tulikutana kwenye uwanja wa shule, wazee kwa watoto. Nilitoa miwani, tukapokezana. Shangazi alikuja na kanga yake begani na daftari mkononi, kwa sababu alikuwa anatoka kwenye kisomo. Alikuwa na miaka zaidi ya 60, na kusoma alikuwa amejua mwaka ule ule. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa miwani. Alitazama muda mrefu. Watu wakawa wanadai zamu yao, yeye hataki kuiachia.

Akacheka, akasema, "Mwanangu, jua hili linanikonyeza!"

Nikamuuliza linamkonyeza namna gani. Akasema kila akisogeza kichwa kidogo, jua linawaka ghafla upande wa kushoto, kisha linafifia tena. Mimi mtaalamu nikacheka naye. Nikamwambia, "Hiyo ni mwezi unapita, shangazi." Akaendelea kutazama.

Kesho yake asubuhi alinitumia mtoto. Nilimkuta amekaa mlangoni na daftari lake. Alisema, "Neno 'maharage' naliona 'ma' na 'ge'. Katikati kuna moshi." Alipofunika jicho la kulia, moshi ulizidi. Alipofunika la kushoto, moshi uliondoka.

Nilirudi kwenye mfuko wangu, nikachukua ile miwani, nikaielekeza kwenye taa. Kioo cha kushoto kilikuwa na mkunjo. Kwenye mkunjo huo mchanga ulikuwa umetoboa tundu la ukubwa wa punje ndogo ya ulezi.

KARATASI HII INAFANYA KAZI GANI

Tuiite karatasi ya chujio, maana kazi yake ni kuchuja mwanga. Iko ya aina mbili. Ya kwanza ni plastiki nyeusi yenyewe. Ukitazama jua kwa hiyo, linaonekana la rangi ya chungwa. Ya pili ni plastiki nyembamba iliyopakwa tabaka jembamba sana la madini ya alumini, na inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo jua huonekana jeupe, au la bluu kidogo. Kuna miwani yenye plastiki nyeusi kwa ndani na alumini kwa nje. Miwani yangu ilikuwa ya namna hiyo.

Karatasi iliyo nzima huzuia karibu mwanga wote. Ukigawa mwanga wa jua mafungu 100,000, karatasi hupitisha fungu moja tu hivi. Huzuia pia miali tusiyoiona, ile inayobabua ngozi na ile ya joto.

Sasa tupige hesabu ya tundu. Chukua kalamu, ni hesabu ya darasa la kisomo tu. Mboni ya jicho, lile duara jeusi la katikati, juani hujibana mpaka kufikia upana wa milimita 2 hivi. Punje ndogo ya ulezi ina upana wa milimita 1 hivi, yaani nusu ya mboni. Duara lenye nusu ya upana lina robo ya eneo. Kwa hiyo tundu la punje ya ulezi likikaa mbele ya mboni, hupitisha robo ya mwanga wa jua tupu. Karatasi ilitakiwa kupitisha fungu 1 katika 100,000. Tundu linapitisha mafungu 25,000.

Hata tundu la ncha ya sindano, lenye upana wa sehemu moja ya kumi ya mboni, hupitisha sehemu moja katika mia. Hatari yake ni ndogo kuliko ya punje ya ulezi. Lakini bado ni mwanga mara 1,000 kuliko ule ambao karatasi nzima ingeruhusu.

Ndiyo maana shangazi aliliona jua likimkonyeza. Kichwa kikisogea, tundu lilikaa sawa na mboni na jua, mwanga ukaingia. Kichwa kikisogea tena, karatasi ilifunika. Jua likikukonyeza ndani ya miwani, inamisha uso chini mara moja na uivue.

JICHO HALIPIGI KELELE

Unaweza kuuliza: kwa nini hakusikia maumivu? Mkono ukigusa chungu cha moto hurudi wenyewe. Jicho je?

Daktari wa macho alinieleza. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando unaopokea picha, nao huitwa retina. Utando huo hauna mishipa ya kusikia maumivu. Mbele ya jicho kuna lenzi, inayokusanya mwanga na kuuelekeza mahali pamoja kwenye utando huo, kama watoto wanavyokusanya jua kwa kipande cha kioo mpaka jani kavu linatoa moshi. Mtu anachomeka bila kujua. Anarudi nyumbani, anakula ugali wake, analala. Dalili huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi asubuhi ya siku ya pili.

Na mahali panapoungua ni pale pale katikati, kwa sababu tunapotazama kitu kwa makini tunakielekeza katikati ya utando. Ndipo tunaposomea. Mtu aliyeungua hapo ataona ng'ombe malishoni, ataona njia ya kwenda kisimani, lakini herufi zitampotea. Fikiri juu ya mama aliyesubiri miaka 60 ili ajue kusoma.

Daktari alisema hakuna dawa inayojulikana ya kuponya jeraha hilo. Wengine hupata nafuu kubwa katika miezi mitatu mpaka sita. Wengine hubaki na doa maisha yao yote. Shangazi alipata nafuu, lakini nusu tu. Moshi ulipungua ukawa kama kichwa cha msumari. Mpaka leo upo. Anasoma kwa jicho la kulia.

NAMNA YA KUKAGUA

Ukaguzi unafanyika ndani ya nyumba, penye giza, siku kabla ya kutazama jua. Usikague kwa kuelekeza kwenye jua. Kufanya hivyo ni sawa na kuonja dawa ya mifugo ili ujue kama ina sumu.

Washa tochi yenye nguvu, au tochi ya simu, au simama karibu na taa ya sola. Shika karatasi katikati ya taa na macho yako, lakini usiivae bado. Isogeze polepole kama unavyopepeta mchele ukitafuta chuya. Anzia kona moja, nenda mpaka kona ya pili. Igeuze upande wa nyuma, rudia. Tazama hasa pembeni, pale plastiki ilipogundishwa kwenye fremu, kwa sababu gundi huachia huko kwanza na mwanga hupenya. Tazama kila mkunjo. Karatasi nzima itaonyesha taa ikiwa hafifu sana, au hutaiona kabisa. Ukiona nukta inayong'aa kama nyota, hilo ni tundu. Ukiona mstari unaong'aa, huo ni mkwaruzo uliofika ndani. Ukiona sehemu moja ina mwanga zaidi kuliko nyingine, kama kitambaa kilichochakaa magotini, rangi yake imekwisha hapo.

Kisha ivae humo humo ndani. Usione kitu. Usione mlango, wala dirisha, wala uso wa mwenzako. Ukiweza kutembea nyumbani na miwani hiyo bila kujikwaa, hiyo si miwani ya kutazamia jua, hata kama imeandikwa maneno mazuri. Miwani ya kuaminika huwa na jina la kiwanda na alama ISO 12312-2, ambayo ni namba ya kiwango cha kimataifa cha mwaka 2015. Lakini alama ni wino tu. Tapeli naye ana wino. Kwa hiyo soma alama, kisha ukague vile vile.

Hapa naomba tuelewane juu ya jambo moja linalowachanganya watu. Si kila kasoro ni hatari. Karatasi nyembamba ya kufunika darubini huwa imelegea na ina mawimbi, kama plastiki ya kitalu cha miche. Mawimbi hayo hayana neno, na ukiivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma ndipo unapoiharibu. Mkunjo mkali uliovunja rangi ndio mbaya. Wenye darubini kubwa, wakipata kitundu kimoja au viwili vya ncha ya sindano, huviziba kwa nukta ya rangi nyeusi. Sisi wa miwani ya karatasi tusijaribu ufundi huo. Miwani yenye tundu ikatwe kwa mkasi vipande viwili, kila kioo upande wake. Ukiitupa jalalani ikiwa nzima, mtoto ataiokota.

Wengine wameambiwa miwani hii huisha nguvu baada ya miaka mitatu. Ile iliyotengenezwa kwa kiwango nilichotaja haina tarehe ya kufa, kama imetunzwa. Kinachoiua ni mikwaruzo, unyevu, panya na mikono yetu. Itie katika bahasha, bahasha uitie katikati ya kitabu, kitabu ukiweke juu. Usiioshe kwa maji na sabuni. Vumbi la Ufipa lina mchanga, kwa hiyo usiifute kwa kanga wala kwa shati. Pangusa taratibu kwa kitambaa laini kikavu, na mchanga uupulize kwanza.

Inapotumiwa na watu wengi, kila inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine itazamwe upya. Mtu mmoja mzima apewe kazi hiyo. Anayetazama ainamishe kichwa, avae, ndipo ainue uso kwenye jua. Akimaliza, ainame kwanza, ndipo avue.

Walimu wa sekondari wenye darubini nawakumbusha hili. Karatasi hukaa mbele ya darubini, upande wa jua, si upande wa jicho. Na mtu aliyevaa miwani ya karatasi asichungulie kwenye darubini isiyo na chujio. Darubini hukusanya mwanga mwingi ukatoboa miwani papo hapo. Pia funga chujio kwa utepe wa gundi, kwa maana upepo wetu wa kiangazi ukiamua kuchukua kofia huchukua.

VITU VISIVYOFAA

Siku ile ya 2016 niliona watu wakitumia kila kitu. Mmoja alikuwa na picha ya eksirei ya kifua cha babu yake. Mwingine alipaka masizi kwenye kipande cha chupa. Vijana walikuja na miwani ya jua ya sokoni, mingine miwili miwili, mmoja juu ya mwingine. Wengine walitazama jua ndani ya beseni la maji. Vyote hivyo havifai. Vinapunguza ukali wa mwanga unaoonekana, kwa hiyo mtu anapata moyo wa kutazama zaidi, na miali isiyoonekana inaendelea kuunguza.

Kioo cha fundi wa kuchomelea chuma kinafaa kama ni namba 14. Fundi akikupa, soma namba kwenye kona. Ikiwa ni ndogo, mrudishie na umshukuru.

Kuna jambo jingine kuhusu kupatwa kwa pete. Hata pete inapokuwa kamili, jua halijafunikwa lote. Mwaka 2016 karibu sehemu 5 katika kila 100 za uso wa jua zilibaki wazi, na hizo zinatosha kuunguza jicho. Kwa hiyo hakuna dakika ya kuvua miwani. Kupatwa kamili ni tofauti kidogo. Huko kuna muda mfupi ambapo jua lote limefichwa, kama ilivyotokea tarehe 16 Februari 1980, kivuli kilipopita Tanzania na Kenya, na tarehe 3 Novemba 2013 huko Pakwach, kaskazini mwa Uganda.

BATI LENYE TUNDU

Mimi sasa, nikiwa na watoto wengi na miwani michache, sitoi miwani kabisa. Naenda jikoni.

Jikoni kwa mama yeyote kijijini kuna bati lenye tundu la msumari wa zamani. Mchana mwali wa jua hupita kwenye moshi na kuangukia sakafuni ukiwa duara. Wengi wetu tunadhani duara hilo linatokana na tundu. Hapana. Tundu linaweza kuwa la pembe tatu, na sakafuni ukaona duara. Hiyo ni picha ya jua lenyewe. Kila mita moja kutoka kwenye bati hadi sakafuni huikuza picha karibu sentimita moja. Paa likiwa na urefu wa mita tatu, utapata jua la upana wa sentimita tatu hivi miguuni pako.

Siku ya kupatwa, duara hilo humegwa sakafuni kama linavyomegwa juu. Unaweza kukaa kwenye kigoda, umelipa jua mgongo, ukaangalia mwanzo mpaka mwisho. Kama huna bati bovu, toboa karatasi ngumu kwa sindano, ielekeze kwenye jua, na picha iangukie kwenye karatasi nyeupe. Chekeche la unga hutoa majua mengi kwa mara moja. Chini ya mparachichi, nafasi zilizo kati ya majani hufanya kazi hiyo bure, na ardhi yote hujaa mundu wa mwanga. Kumbuka tu: tundu ni la kupitishia mwanga uende chini. Usilichungulie.

Kwa hiyo tundu lile lile linalomwumiza mtu kwenye miwani, kwenye bati linamwonyesha jua bila madhara. Jambo hili nililijua baadaye, nami nina cheti cha kilimo ukutani.

Miwani mizima ina kazi hata siku za kawaida. Juani kuna madoa meusi ambayo huongezeka na kupungua kila miaka 11 hivi. Mwezi wa Mei 2024 kulikuwa na kundi la madoa kubwa kiasi cha kuonekana kwa miwani hii bila darubini. Na kupatwa kwingine kunakuja. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha kupatwa kamili kitapita Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, na sehemu za Afrika Mashariki zitaona jua likimegwa. Tarehe 21 Mei 2031 kupatwa kwa pete kutapita tena Tanzania. Wafanyabiashara wataleta miwani kwa magunia. Mingine itakuwa mizuri, mingine itakuwa imesafiri kama ile yangu.

Mwaka huu nilimpelekea shangazi miwani mitano ili aitunze kwa ajili ya darasa lake la kisomo. Nilidhani atakataa hata kuishika. Aliipokea, akaingia nayo jikoni, akafunga mlango, akaomba tochi. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akapitisha kila moja mbele ya mwanga, kona kwa kona, bila haraka. Nilisimama nje nikisubiri kama mkulima anayesubiri majibu ya udongo.

Alitoka na minne kwenye bahasha. Wa tano alikuwa ameshaukata kwa mkasi.

"Huu ulikuwa na tundu, bwana shamba," akasema. "Pale karibu na gundi. Uliupuliza upepo kabla ya kuniletea?"